Sitara ni ya Mtoto

Jamaa zangu wapenzi,

Mwaka huu wazee wa jumuiya wameniomba niandike maneno machache juu ya kazi yangu ya skuli. Nadhani walitaraji nieleze michezo na vituko vya watoto. Lakini nitaeleza jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, harusini na matangani, kila msimulizi akiongeza chumvi yake. Nimelinyamazia miaka mingi. Sasa naona bora nilieleze mwenyewe, kwa faida ya wana na wajukuu zetu. Jina la mtoto, la skuli na la mji sitayataja, na nakuombeni, anayeyajua naye asiyataje.

Nilifanya kazi miaka 14 katika skuli ya msingi hapa Uingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwasimamia watoto wakati wa chakula cha mchana: kuwakatia nyama, kuwafunga kamba za viatu, kuwaamua wanapogombana uwanjani. Watoto wa kwetu walikuwa wachache, na wote waliniita Bibi.

Mwaka 2007 aliletwa msichana wa miaka 8. Alitoka nyumbani kuja kukaa kwa mama yake mkubwa apate kusoma. Mama yake mzazi alibaki kule na wadogo zake, akishukuru kwamba mmoja wao amepata bahati. Sote tulimpongeza yule mama mkubwa kwa moyo wake. Mimi mwenyewe nilimpelekea mtoto koti la baridi.

Baada ya miezi michache nikaanza kuona mambo. Alikula mbio mbio, huku akitazama mlango. Mara mbili nilimkuta amefutika mkate ndani ya soksi. Alisinzia mezani wenziwe wakipiga kelele. Mwezi wa Juni, watoto wote wamevaa mikono mifupi, yeye hakukubali kuvua sweta. Niliyaona yote hayo, na kila moja nikalitafutia udhuru. Nikisema: mgeni huyu, bado hajaizoea nchi.

Ijumaa moja alinifuata nilipokuwa nafuta meza. Akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Bibi, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?"

Nikamjibu, "Simwambii mtu, mwanangu."

Akanieleza. Alfajiri huamshwa kufua na kubadilisha nguo za watoto wadogo wa nyumba ile. Asipomaliza kazi, hapewi chakula. Siku aliyounguza sufuria alipigwa kwa waya. Akapandisha mkono wa sweta nikaona, kisha akauteremsha haraka na kukimbilia darasani.

Kila mwaka skuli ilitufundisha sisi wafanyakazi sote, mpaka mpishi na mfagiaji, la kufanya mtoto akikuambia neno kama hilo. Msikilize. Usimwahidi siri. Usimhoji kama polisi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tia tarehe, saa na sahihi yako, umpelekee siku ile ile mwalimu aliyepewa dhamana ya usalama wa watoto. Wala usiende kumkabili mtu anayetuhumiwa. Mafunzo hayo niliyajua kwa moyo. Lakini nilipoona kwamba mtoto ni wetu na mama ni wetu, nikasema sheria hizi wamejiwekea Wazungu. Sisi tuna utaratibu wetu. Tuna sitara. Aibu ya nyumba moja ni aibu yetu sote, na haitolewi nje.

Usiku ule nikampigia simu yule mama mkubwa. Nilizungumza naye kwa upole, kama mtu mzima na mwenzake. Nikamwambia, "Mwanangu, mtoto wa mwenzio ni amana. Punguza mkono." Akalia, akaniomba radhi, akaapa kwamba hatarudia. Nikalala nikijiona nimeamua jambo kwa hekima.

Jumatatu mtoto hakuja. Jumanne alikuja, mdomo umevimba. Hakunitazama. Alikula mwisho wa meza, mbali nami, na nilipomkaribia akaondoka. Hakuna aliyenieleza kilichopita katika siku zile, wala sikuhitaji kuelezwa. Mimi ndiye niliyempasha habari yule mwanamke kwamba mtoto amesema.

Nilikwenda chumba cha yule mwalimu miguu ikinitetemeka. Nikamweleza kila kitu, na simu yangu pia. Hakunigombeza. Aliniambia tu niandike yote, na hilo la simu nisiliache. Kabla ya skuli kufungwa jioni ile alikwisha kuwaarifu idara ya watoto ya halmashauri, na wao pamoja na polisi wakaenda nyumbani. Chini ya sheria ya watoto ya mwaka 1989, halmashauri ikiwa na sababu ya kudhani kwamba mtoto anaumizwa, ni wajibu wake kuchunguza, si hiari.

Hapa nataka kusema juu ya hofu yetu kubwa, ile tunayoambiana jikoni: "Ukiwaita hao, watachukua watoto wote." Kumwondoa mtoto kwao si kazi ya mwalimu, wala ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii peke yake. Polisi wanaweza kumweka mtoto mahali pa salama panapokuwa na hatari, lakini si zaidi ya saa 72. Zaidi ya hapo, kama wazazi hawakukubali, panahitajika amri ya mahakama. Na mtoto akichukuliwa na halmashauri asiweze kurudi kwao, sheria inataka ndugu na jamaa waangaliwe kwanza. Mtoto wetu huyu hakupotelea kwa wageni. Baada ya uchunguzi alikabidhiwa kwa familia moja katika ninyi, na huko alikua, akisema Kiswahili na kula wali wa nazi.

Lawama hazikukosekana. Mwaka ule nilikaa harusini mezani peke yangu. Mtu mmoja niliyemheshimu aliniambia, "Umeiuza damu yako." Nilikuwa tayari kulaumiwa, lakini si kwa lile walilonilaumia. Kosa langu halikuwa kusema. Kosa langu lilikuwa zile siku nne tangu Ijumaa mpaka Jumanne, nilipomsitiri mtu mzima na kumwacha mtoto wazi. Sitara ni nguo, na nguo huvikwa aliye uchi. Mimi nilimfunika aliyeshika waya.

Kuna neno jingine ambalo wengi wetu hatukulijua, na mimi nililijua siku zile. Yule mama mkubwa hakuwa dada wa mama yake mtoto. Alikuwa binti wa dada wa bibi yake. Kwetu huyo ni mama mkubwa kamili, wala hapana anayeuliza. Lakini sheria ya hapa Uingereza inapohesabu jamaa wa karibu inataja babu na bibi, kaka na dada, ndugu wa baba au wa mama, na mzazi wa kambo. Mtoto aliye chini ya miaka 16, au chini ya miaka 18 kama ana ulemavu, akikaa kwa mtu mwingine siku 28 au zaidi, halmashauri lazima ijulishwe, na ijulishwe wiki 6 kabla kama jambo limepangwa mapema. Basi binamu, rafiki wa familia, hata shangazi wa baba, wote hao sheria inawahesabu nje ya jamaa wa karibu. Si kwamba wanadhaniwa wabaya. Hutumwa mtu kuja kumwona mtoto na kuzungumza naye.

Kwa nini wakawa wakali hivyo? Wengi wenu mtamkumbuka Victoria Climbié. Wazazi wake wa Ivory Coast walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ampeleke Ulaya kusoma, kama tunavyofanya sisi. Alipitia Ufaransa akafika London mwaka 1999. Alifariki mwezi wa Februari 2000, na umri wake miaka 8. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alihesabu majeraha na makovu 128. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003, yenye mapendekezo 108, ilionyesha jinsi idara za watoto, polisi na hospitali walivyomwona na kumwachia. Na katika muda wote aliokaa Uingereza, yule mtoto aliyeletwa kusoma hakuandikishwa skuli hata siku moja. Hakuwa na mtu wa kuuona mkate ndani ya soksi yake.

Nisisomwe vibaya. Sisemi tusileane watoto. Wengi wetu tumelelewa na mashangazi na makhalati, na tumeona kheri yake. Nasema mtoto aliyeletwa kwetu asifichwe: aandikishwe skuli, asajiliwe kwa daktari, halmashauri ijulishwe. Mama yake kule nyumbani azungumze naye kwa simu, na mwenye nyumba atoke chumbani wanapozungumza. Nanyi watoto mnaosoma ukurasa huu, mkiogopa kumwambia mtu mnayemjua, iko simu ya Childline, 0800 1111, tangu mwaka 1986. Ni bure.

Yule msichana hakusema nami kwa zaidi ya mwaka. Nilimwahidi siri, nikaivunja mara mbili: mara ya kwanza kwa mtu mbaya, mara ya pili kwa mtu mwema, na yeye mara ya pili hakuitofautisha na ya kwanza. Sasa ni mwanamke mzima. Safari moja aliniuliza, "Bibi, ungalinijibu nini siku ile?" Nikamwambia ningalimjibu hivi: "Mwanangu, siri sikuahidi. Nitamwambia mtu mmoja tu, awezaye kukusaidia, na wewe utamjua ni nani." Akafikiri kidogo, akasema, "Hata hivyo ningalikwambia."

Maneno hayo nimeyaandika ili atakayeulizwa na mtoto, Ijumaa yoyote, awe nayo tayari mdomoni.

Wasalaam,
Bibi yenu wa skuli