Ngitili Haina Tarehe ya Mwisho

Kazi inayonilisha ni kuhariri mipango ya maendeleo. Karibu kila ukurasa nakutana na "shirikishi" na "endelevu", maneno mazuri yaliyopita mikono mingi mpaka yamechakaa. Nikitaka kukumbuka maana yake, narudi kwenye neno moja la Kisukuma: ngitili.

Kwetu Meatu, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua, miti inachipua, na kiangazi kikikaza ndipo linafunguliwa, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji. Yaani ni bajeti ya nyasi, ila haijapigwa chapa.

Usukuma ilipoteza miti yake kwa miongo. Wakoloni walifyeka mapori kupambana na mbung'o. Pamba ikadai mashamba mapya. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha nyuma maboma na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu vya miche, tena mingi ya kigeni. Kilichobadili mambo ni pale walipowauliza wenyeji walikuwa wakifanyaje zamani. Mradi ukaegemea ngitili. Sheria ndogo za vijiji zikakaa pamoja na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu wakalinda. Miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda. Iliachwa tu, visiki vikachipua.

Napenda hadithi hii kwa sababu ofisi ya umma ilikubali kuwa mwandishi wa pili. Lakini HASHI ilifungwa mwaka 2004, na mradi ukifungwa ndipo unajua mpango ulikuwa wa nani.

Nauliza hivyo kwa sababu na sisi tunayo ngitili, aliyoiacha babu. Baba amefariki, tumebaki ndugu sita. Wawili wanataka igawanywe: miti iende mkaa, ardhi iende alizeti. Wasomaji wa mjini msiwacheke. Kaka yangu ana watoto wanne shule, na Januari haijali kivuli. Mimi niko Dar es Salaam, sichungi hata mbuzi; kwangu kusema "tuhifadhi" ni rahisi mno.

Hapo ndipo naona pengo la nyaraka ninazohariri. Zinaeleza kwa ufasaha nani atafaidika mwaka 2050. Ni nadra zikasema nani atabeba hasara mwaka huu, na nani atamfidia. Wazee walilijua hilo: ngitili ilifungwa, lakini ilikuwa na siku ya kufunguliwa, na kila mtu alijua foleni yake. Vipo vijiji vilivyotumia mapato ya ngitili kujengea madarasa. Hapo mzazi anaona mti na dawati kwa pamoja, na hahitaji semina.

Basi nimewaandikia ndugu zangu ukurasa mmoja. Ngitili isigawanywe kwa miaka kumi. Kiangazi tuwauzie majirani malisho, fedha zitangulie kwenye ada za watoto walioko kijijini. Matawi makavu na asali viwe vya wanaoishi pale. Sisi wa mjini tuchangie kila mwezi, kwa sababu sisi hatupotezi kitu.

Dada zangu wamekubali. Kaka kasoma, kakaa kimya siku mbili, kisha akanitumia ujumbe mfupi: "Mpango mzuri. Na wewe utalinda zamu ipi?"

Bado natafuta jibu.