Zamu

Jumatatu, 18 Septemba
Ratiba nimeibandika mlangoni mwa jiko saa nne. Kufika saa sita imeshachorwa. Mtu kakata jina lake kwenye zamu ya usiku wa Ijumaa kwa peni nyekundu, hakuandika la mwingine. Peni haina mwenyewe, ila pembeni ya karatasi kuna alama ya kidole chenye unga. Wa chapati huyo. Kesho atanisikia.

Jumatano, 20 Septemba
Maonesho ya madini Bombambili. Gesti zote zimejaa, viti tumeazima kwa jirani. Nimeomba wahudumu wawili wa muda. Bosi: "Bananeni humo humo." Tubanane vipi? Sheria ya Ajira ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu, na ovataimu hataki kuisikia.

Ijumaa, 22 Septemba
Saa moja asubuhi basi la mgodini limeshusha waliokesha kazini. Wanataka ugali na sato. Chai hawaitazami, kwao hiki ndicho chakula cha jioni. Maana yake maji ya ugali yawe jikoni alfajiri, na mpishi wa ugali jana kafunga saa sita usiku. Zile saa 12 za kisheria za kupumzika kati ya zamu na zamu nizitoe wapi? Nimesonga mwenyewe. Mabega hayashikiki. Mteja mmoja kauliza kama tumebadilisha mpishi. Nyoo!

Jumapili, 24 Septemba
Binti wa kaunta hataki tena usiku. Hakugomba. Kafungua kikokotoo kwenye simu, kanipigia hesabu mbele yangu. Mshahara 180,000. Nyongeza ya usiku asilimia 5, inayoanza kuhesabiwa saa mbili. Akitoka saa sita ni kama shilingi 185. Boda mpaka Nyankumbu, 2,000.
"Meneja, hapo nani anamlipa mwenzake?"
Nimekosa jibu. Mpaka sasa sina.

Jumanne, 26 Septemba
Keshokutwa Maulidi. Sikukuu ni malipo mara mbili, basi wagonjwa wote wamepona, misiba imeisha, watoto hawana homa. Wiki nzima nimewabembeleza, leo wananipangia foleni. Wa chapati peke yake kaomba ofu, tena kwa adabu, shikamoo mbele. Nimempa. La peni nyekundu nimelisema hapo hapo, kacheka, yameisha.

Jumatano, 27 Septemba
Kwa bosi nimekwenda na daftari la hesabu, malalamiko nimeyaacha jikoni. Boda wawili wa kijiwe cha hapa mbele wawarudishe watu wa usiku, tuwalipe kila Jumamosi. Kaguna. Nikamwambia basi ratiba ya wiki ijayo apange yeye. Kakubali hata chai hajamaliza.

Usiku wote wa wiki ijayo umepata watu. Binti wa kaunta kajiandika mwenyewe, Jumanne na Ijumaa.