MDADA WA KIRUMBA APIGA TIZI KWA DAGAA, AJIPANGA KUPANDA JUKWAANI NA BIKINI

Wadau, pale Kirumba jijini Mwanza kuna mdada anapiga tizi si mchezo. Anataka kushindana kwa mara ya kwanza jukwaani upande wa bikini, na mtaji wake ni kibanda cha mitumba tu.

Msosi haumpi presha, ziwa si lipo! Wenye nazo wananunua kopo la protini ya unga, yeye anapimiwa dagaa kwa kopo pale Mwaloni. Anachemsha bila mafuta, anaweka mchicha na kiazi kitamu, maisha yanaenda.

Kimbembe ni vitu vya jukwaani. Bikini kashonewa na fundi wa mtaani, vito vya kung'aa kabandika mwenyewe. Viatu virefu anavivaa hata akiosha vyombo, maana majaji hawaangalii mwili peke yake, wanaangalia na unavyotembea na kugeuka. Bado rangi ya kupaka mwilini, bado nauli ya Dar, zaidi ya kilomita 1,100.

Ila kilichomkosesha usingizi ni mama yake, mtu wa kwaya kabisa. Majirani walishaanza, "Mwanao kakonda, ana ngoma huyo." Mama akawa analia kimyakimya.

Juzi mdada akaona isiwe tabu, akamtolea ile bikini na kumweleza kila kitu. Mama kaigeuzageuza weee, kisha akauliza, "Na nauli ya kurudi unayo?"

Wadau, mnasemaje hapo?