Miaka Miwili Isiyokuwepo

Mwenzetu mmoja wa Lubunga aliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya katibu wa mkurugenzi katika ofisi moja ya Makiso. Tulimwandaa kwa jioni tatu, na katika maandalizi hayo sisi ndio tuliokosea.

Mengine tuliyafanya vizuri. Kwa kuwa lugha ya ofisini ni Kifaransa, tulikataza Kiswahili na Kilingala mara tu mlango ulipofungwa. Tulimuuliza angefanya nini iwapo wageni wawili wamepewa saa ileile, au mkurugenzi akimwamuru aseme kwamba hayupo. Tulihesabu hata muda wa kuvuka mto, maana pirogi hungoja ijae, kisha kuna mwendo wa toleka. Blauzi nyeupe ingevuka ndani ya mfuko.

Ndipo tukafika kwenye karatasi. Tangazo lilidai uzoefu wa miaka miwili. Yeye alikuwa na miezi saba. Tukamshauri aandike miwili. Tulisema hivyo kwa huruma, kwani tunajua amekwisha kupeleka barua ngapi bila kujibiwa.

Hakukasirika. Alitukumbusha Juni 2025, tulipofurahia Floribert Bwana Chui kutangazwa mwenyeheri huko Roma: kijana wa Goma, mtumishi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu.

“Ndugu zangu, yeye mlimpigia vigelegele,” alisema, “nami mnanipa kalamu ya kudanganya.”

Mmoja wetu alijibu kwamba miezi michache si chakula kilichooza. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Njaa ya nyumbani nayo ni kweli. Lakini kazi aliyoiomba ni ya kutunza barua, mihuri na siri za mwingine. Neno lenyewe la Kifaransa, sekretere, limezaliwa na siri. Tulikuwa tunamfundisha kuingia kwenye kazi ya kuaminiwa kwa kuanza na uongo.

Aliandika miezi saba, na chini yake akaeleza yote aliyoyafanya humo: barua alizopanga, daftari la wageni, simu alizopokea. Siku ya siku alivuka mto alfajiri.

Jibu bado halijafika. Ila jioni ile, mmoja wetu ambaye tayari ana kazi alitoa karatasi yake mwenyewe mkobani, akaisoma kimya, akairudisha.