Kipimo na Mpimwa

Msomaji, bila shaka umepata kupimwa. Ulisimama mstarini pamoja na wenzako, filimbi ikalia, ukakimbia, na mwalimu akaandika nambari mbele ya jina lako. Siku ile nambari ile ilionekana kuwa ndiyo wewe mwenyewe. Nataka kukusimulia habari za kijana mmoja, upate kuitazama nambari yako kwa jicho jingine.

Katika nchi za baridi kama Kanada watu hucheza hoki juu ya barafu. Huvaa viatu vyenye vyembe vya chuma, wakafukuzia kisahani kigumu kwa magongo. Mchezaji huingia uwanjani akatumia nguvu zake zote kwa muda usiotimia dakika moja, akatoka kupumzika, kisha akaingia tena. Kwa sababu hiyo, kabla ya ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini kuchagua wachezaji wapya, vijana hodari hukusanywa wakapimwa. Hupanda baiskeli isiyokwenda popote, wakaikanyaga kwa nguvu zote sekunde 30, hata wengine hushuka wakitapika. Hupimwa pumzi, hupimwa miruko. Tena huning'inia kwenye chuma, wakajiinua kwa mikono mpaka kidevu kipite juu.

Mwaka 2014 alifika Sam Bennett, mwenye umri wa miaka 17. Wateuzi wa ligi walikuwa wamemweka wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa Amerika ya Kaskazini. Alishika chuma, akajikaza. Hakuweza kujiinua hata mara moja. Habari ikaenea, watu wakacheka. Hata hivyo timu ya Calgary ilimchagua, akawa wa 4 katika uchaguzi wa mwaka ule. Oktoba ya mwaka huo huo alipasuliwa bega. Mwaka 2025, akiwa na timu ya Florida, alitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya pili mfululizo, akapewa na tuzo ya Conn Smythe, ambayo ni ya mchezaji aliyewashinda wote kwa ubora katika kuwania kombe hilo.

Usidhani nasema kwamba vipimo ni upuuzi. Chuma hakikusema uongo: siku ile mikono haikuweza. Kosa lilikuwa la waliocheka, waliodhani kwamba siku moja ni maisha mazima. Kipimo hujibu swali kililoulizwa, wala hakijibu jingine.

Nami nakiri kwamba nilikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Nilipokuwa mwalimu, nilimfuta mvulana katika orodha ya wakimbiaji kwa kuwa alifika wa mwisho siku ya majaribio. Sikumwuliza neno. Baadaye nilipata habari kwamba alikuwa amekesha akimwuguza mama yake. Saa yangu ilikuwa sahihi. Mwenye kukosa nilikuwa mimi. Nilikwenda kumwomba radhi, lakini mashindano yalikuwa yamekwisha pita.

Basi, ukipimwa, pokea nambari yako bila hasira, uiulize inakuonyesha nini cha kutengeneza. Na siku utakaposhika saa wewe, ukiisha kuandika nambari, inua macho umtazame mtu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Na wachezao juu ya barafu wanalijua hilo kuliko sisi.