Kibra na Kawangware: Masoko ya Kale Yasiyo na Kibao



Aghalabu ukurasa huu ukitaja safari huwa ni ya Lamu wakati wa Maulidi, au ya Unguja kutazama milango ya Mji Mkongwe. Mara hii twapanda bara hadi Nairobi, kuzuru masoko mawili ambayo wengi wetu twayajua kwa sifa mbaya tu. Huko Ayalandi, mji mdogo wa soko kama Athenry hujivunia ukuta wake wa zama za kati, na mgeni hutembezwa akaoneshwa jiwe baada ya jiwe. Kawangware na Kibera hazina ukuta wala kibao cha kumweleza mgeni amefika wapi. Historia zinayo, tena sehemu yake imetoka kwetu pwani.

Kawangware hufikiwa kwa matatu nambari 46. Ukishuka tu, soko limekuzunguka: managu, saga, kunde na mrenda vimefungwa mafungu juu ya magunia, omena wamepangwa kwa vipimo vya mkebe, na mafuta ya kupikia huuzwa kwa kiasi kitoshacho chungu kimoja. Wauzaji wengi ni akina mama, na maneno yao ni mchanganyiko wa Kikikuyu, Kiluhya na Kiswahili ambacho bibi zetu wangekisikitikia. Hata hivyo bei wanaitaja kwa Kiswahili, na kwa mnunuzi hilo latosha.

Uuzaji wa chakula katika upande huu ni wa kale kuliko Nairobi yenyewe. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Mombasa na Pangani ilisimama pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu, sehemu iliyoitwa Ngongo Bagas, kununua nafaka, viazi na maharage kabla ya kuikabili nyika. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akiandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia hiyo kabla ya Mzungu huyo. Wapagazi waliotoka kwetu, waliobeba shanga, nguo na nyaya, ndio waliokuwa wateja. Mama wa leo anayepunguza shilingi tano ili auze fungu la mwisho anaendeleza kazi ambayo babu zetu waliikuta huko.

Oktoba 1890 ulifika msafara wa namna nyingine. Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, alijenga boma Dagoretti, eneo ambalo Kawangware ya leo imo ndani yake, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Udugu huo haukudumu. Mwaka 1892, Lugard akiwa ameshakwenda Uganda, Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni ile ile, akapelekwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi. Lugard naye alikuwa amefika karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, na huko Kavalli akawachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka. Hapo ndipo njia ya Kawangware inapokutana na ya Kibera.

Kutoka Kawangware mtu hufuata Barabara ya Naivasha hadi Barabara ya Ngong, kisha hushukia soko la Toi, mlangoni mwa Kibera. Toi ni soko la mitumba: mashati, viatu, mapazia, mabegi ya shule. Liliteketea katika ghasia za mwanzo wa 2008, likaungua tena 2019, na kila mara wenye vibanda walirudi na misumari na mbao. Nyuma yake ni Makina, na hapo mpwani hupunguza mwendo bila kuambiwa. Adhana yatoka msikitini, wanaume wamevaa kofia, mabinti wa madrasa wapita na mabuibui yao. Baadhi ya nyumba za zamani ni za fito na udongo, zenye ukumbi wa kati na vyumba pande mbili, kama nyumba ya Kiswahili hasa.

Wenye nyumba hizo ni Wanubi, wajukuu wa askari wale wa Kisudani na wengine walioandikishwa baada yao katika jeshi la King's African Rifles. Askari waliomaliza utumishi hawakurudishwa Sudan. Walipewa makazi katika msitu uliokuwa nje ya Nairobi changa, wakauita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao ya Kinubi. Kinubi ni Kiarabu kilicholelewa kambini: maneno mengi ni ya Kiarabu, sarufi si yake. Msikilizaji aliyesoma chuoni huokota neno hapa na pale, kisha huachwa njiani. Jina Kibra limerudi rasmi tangu 2013, lilipopewa jimbo la uchaguzi.

Vijiji vya ndani navyo vina majina ya kumfurahisha msafiri. Kipo Lindi, jina la mji wa pwani ya kusini ya Tanganyika. Upo mtaa wa Fort Jesus, mbali sana na bahari. Laini Saba, wenyeji husimulia, ilikuwa laini ya shabaha, mahali askari walipojifunzia kulenga bunduki.

Ardhi iliyotengewa askari hao ilikuwa ekari 4,197. Kila mmoja alipewa kibali cha shamba, hakupewa hati. Jeshi liliisimamia Kibra hadi 1928, kisha ikawa chini ya utawala wa kiraia, na katika miaka ya 1930 Tume ya Carter iliwahesabu Wanubi kuwa ni wapangaji wakaao kwa ridhaa ya Serikali ya Kifalme. Waliompigania mfalme wakawa wageni wake. Baada ya uhuru mitaa ya nyumba bora ilimegwa kutoka ardhi hiyo, mmoja baada ya mwingine, na wahamiaji kutoka kila pembe ya Kenya wakajaa katika iliyobaki. Uraia pia ulikuwa na mashaka: mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia haki watoto wa Kinubi kwa kuwacheleweshea uraia. Sisi tuliowahi kuulizwa cheti cha babu ili tupewe kitambulisho hatuhitaji maelezo zaidi.

Hati ilikuja Juni 2017, kutoka mkononi mwa Rais Uhuru Kenyatta: ekari 288, kwa jina la jamii nzima. Ni chini ya saba katika kila mia ya zile za mwanzo. Wapo wasemao heri nusu shari, nami siwalaumu. Lakini haki yataka isemwe pia kwamba wapangaji wa Kibera, ambao ni wengi kuliko Wanubi, hawana hata hizo. Ugomvi wa kodi uliomwaga damu mwishoni mwa 2001 ulikuwa baina ya watu ambao, pande zote mbili, hawakuwa na karatasi.

Bibi mmoja wa Makina alinikaribisha ukumbini kwake akisuka tabaga, kifuniko cha chakula cha rangi nyingi. Ndugu yake kawa letu. Nilimuuliza mirathi hugawanywaje katika nyumba kama yake. "Vyumba twagawa kwa sheria, mwanangu," akasema. "Wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, sheikh yupo. Sasa hiyo ardhi chini ya vyumba, sheikh atagawa nini?" Akavuta ukindu, akanieleza kwamba tabaga ile ni ya mjukuu wake aolewaye mwezi ujao, na kwamba doluka, ngoma yao ya harusi, itapigwa hapo hapo uani.

Atakaye kwenda na aende asubuhi, siku isiyo ya mvua, akiwa na mwenyeji. Asipige picha ya mtu wala ya nyumba bila idhini. Adhuhuri imkute Makina, na tabaga aulizie majumbani, kwa wasukaji wenyewe.