Kabla ya kumlaumu jogoo, pima mashine

Mwaka jana niliweka mayai 60 kwenye mashine ya kutotolesha. Siku ya 21 nikapata vifaranga wawili tu. Nilimwambia mama aliyeniuzia kwamba jogoo wake hafai. Baadaye nikapasua mayai yaliyobaki: mengi yalikuwa na vifaranga waliofia ndani. Jogoo hakuwa na kosa.

Kioo cha mashine kilionyesha nyuzi 37.5, joto sahihi. Nilipoweka kipimajoto kingine usawa wa mayai, kilisoma 40. Kihisi joto, ule waya wenye kichwa kidogo, kilikuwa kinadanganya.

Wewe pima mapema. Washa mashine tupu, weka kipimajoto kando ya kihisi, subiri saa moja, linganisha. Vikitofautiana, tumbukiza kipimajoto chako kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Kikisoma 0, hicho ni kizima. Chomoa umeme, angalia kama waya wa kihisi umelegea au umesogea. Kama uko sawa, mwite fundi akibadilishe.

Yule mama nilimwendea kumwomba radhi. Alinisamehe, ila mayai sasa ananiuzia kwa fedha mkononi tu.